Zamu Niliyoikataa Korongoni

Sisi tuliokulia Dodoma wakati Area D ingali na viwanja vitupu vingi kuliko nyumba, hatukuwa na bustani za watoto, wala bembea za chuma, wala mabwawa ya kuogelea yenye kiingilio. Tulikuwa na korongo. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba kila familia ilikuwa na lake, kama ilivyokuwa na benchi lake kanisani na kinyozi wake sokoni. Letu lilikuwa upande wa Mkonze, nje kidogo ya njia iendayo Zuzu: mto usio na maji, mpana kama barabara mbili zilizolazwa sambamba, uliojaa mchanga mweupe kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua kubwa zilipokuja ulipita kwa kishindo siku chache, ukang'oa miti, kisha ukalala tena mwaka mzima. Huko ndiko baba alikotupeleka Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wa kiangazi, na huko ndiko nilikokipoteza kitu ambacho leo, nikiwa na watoto wawili na mvi zisizofichika, sijui nitakirudishaje.

Baba yangu bado yu hai. Magoti yake yamechoka, lakini akili yake ni nzima, na kwa miaka mitatu ombi lake kwangu lilikuwa moja tu: niwapeleke wanangu korongoni pamoja naye, wachimbe maji kwa mikono yao kabla miguu yake haijagoma kabisa. Lilikuwa ombi dogo kiasi hicho. Nitaeleza jinsi nilivyolitendea, na sitajipamba.

Alikuwa msaidizi wa wapima ardhi. Ndiye aliyebeba zile fito zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, akasimama nazo juani huku mpimaji mwenyewe akichungulia kwenye chombo chake chini ya mwavuli. Majirani walimwita Bwana Fito, naye aliitika. Nusu ya viwanja mnavyoviona leo vina vigingi alivyovizamisha yeye, ingawa hakuwahi kupewa hata kimoja cha upendeleo. Kazi ile ilimfundisha jua. Alilijua kama mtu anavyomjua bosi mkorofi: saa ambazo unaweza kupita mbele yake, na saa ambazo ni heri usionekane. "Jua lina zamu yake, na sisi tuna yetu," alikuwa akituambia, na matembezi yetu yote yalipangwa kwa sheria hiyo.

Kwa hiyo tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, anga likiwa bado la kijivu na upepo wa Dodoma ukiwa na meno. Mwezi wa saba tulitoka tumejifunga mablanketi mabegani kama wazee wanaokwenda barazani. Baba alitangulia akiwa amembeba mdogo wangu Rehema shingoni. Nyuma yake mama na kikapu, kisha mimi na dumu la maji lililovikwa gunia bichi, kwa maana upepo ukilipiga gunia bichi maji yaliyomo hupoa kuliko ya jokofu, jambo ambalo wanangu wanaliona kuwa uchawi. Tulitembea zaidi ya saa mbili. Baba alitufanya tuhesabu hatua, kila mmoja zake, na tulipofika kwenye mbuyu uliopigwa radi alituuliza tumefikisha ngapi. Jibu langu na lake hayakuwahi kulingana. Alisema miguu yangu ilikuwa inasema uongo, ingali michanga.

Njiani tulikutana na wachungaji wakiswaga mbuzi. "Mbukwenyi," walitusalimu kwa Kigogo, nasi watoto tukaitikia kwa sauti ya mdomo mmoja, tukijisikia watu wazima kwa kusalimiwa hivyo kwa wingi. Vumbi la mbuzi lilinuka maziwa na majani makavu. Hadi leo nikilinusa, hata nikiwa ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa, miguu yangu hutaka kuanza kuhesabu.

Mama alikuwa mtu wa Kondoa, mzaliwa wa milimani, na hakuacha kutushangaa. Alisema kwao maji hushuka yenyewe kutoka mlimani mpaka mlangoni, ila Wagogo wanayafukua kama ngiri. Baba alimjibu bila kugeuka kwamba ngiri huyo ndiye aliyekwenda kuposa, na kwamba ng'ombe wa mahari walikunywa maji ya kufukuliwa njia nzima mpaka Kondoa, wala hawakulalamika kama wenyeji wao. Utani huo tuliusikia kila mwezi, na kila mwezi mama aliucheka upya, akificha mdomo kwa upindo wa kanga.

Tulipofika, kitu cha kwanza kilikuwa maji. Hatukuruhusiwa kugusa dumu. Dumu lilikuwa la njiani tu; korongoni mtu anakunywa maji ya korongo. Baba alivua viatu, akakunja suruali, akaanza kutembea juu ya mchanga polepole, kichwa kimeinama, kama mtu aliyeangusha sindano. Alivuka kwenda ng'ambo, akarudi, akasimama, akahama hatua mbili, akasimama tena. Sisi tulikaa ukingoni tukimtazama. Kisha alisema, "Hapa," na hapo ndipo tulipochimba.

Tulichimba kwa mikono mitupu. Jembe lilikuwa mwiko. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu na mwepesi, ukirudi shimoni kila ulipoutoa. Ukifika kiwiko, rangi inabadilika, unakuwa kahawia na unashikana. Ukifika bega, vidole vinaingia kwenye ubaridi, na ubaridi huo, wenzangu, sina neno la kuueleza. Jua limeanza kukuchoma mgongo, na ncha za vidole vyako zimegusa mahali ambapo jua halijawahi kufika. Maji yalijitokeza pembeni kama jasho. Yale ya kwanza yalikuwa tope. Tuliyachota tukayamwaga, tukangoja, tukachota tena, hadi ya tatu au ya nne yakaja meupe, matamu, na yenye chembe ndogo zinazong'aa. Shimo hatukulifukia tulipoondoka. Tulilizungushia matawi ya miiba ili mbuzi asitumbukie, tukaliacha kwa ajili ya atakayepita na kiu.

Baada ya hapo siku ilikuwa yetu. Tuliteleza kutoka ukingoni kwa kukalia kipande cha gunia. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe kubwa kuliko miili yao, tukawajengea mazizi ya vijiti. Tulitafuna ukwaju hadi meno yakafa ganzi. Saa nne ilipofika baba alipiga kofi mara moja, nasi tukaingia kivulini chini ya ukingo, penye mizizi ya migunga, kwa sababu zamu ya jua ilikuwa imeanza. Mama alifungua kikapu: ugali wa uwele uliopoa na mlenda wenye karanga, viazi vitamu, na ubuyu uliolowekwa kwenye chupa tangu jana yake. Tulikula, kisha baba na mama wakachimba mashimo madogo mchangani, wakacheza bao kwa mbegu za ukwaju, na mama akamfunga baba kila mara. Sisi tulilazwa na kanga mbichi usoni. Mwanga ulipita katika maua ya kanga ukawa mwekundu, upepo ukaipoza, na nilisikia mbegu zikidondoka shimoni, tik, tik, hadi nikalala. Saa kumi jua lilipolegea tulifungasha tukarudi, ngozi zetu zikiwa zimepauka kwa mchanga kama samaki waliopakwa unga.

Nilipokuwa darasa la sita nilimuuliza baba aliwezaje kujua pa kuchimba. Alisema na yeye aliwahi kumuuliza baba yake swali hilo, akajibiwa kwamba jambo hilo halielezwi mtu akiwa amevaa viatu. Kwao mtoto wa kwanza alipewa zamu akimaliza shule ya msingi. Siku hiyo mzazi alitembea naye mchangani bega kwa bega, akimwambia kila hatua anachokisikia miguuni na anachokiona kwenye miti ya ukingoni, kisha akamwacha mwenyewe achague. Akikosa, familia nzima ilishinda na kiu pamoja naye, na hakuna aliyeruhusiwa kumcheka. "Zamu yako ipo," baba aliniambia. "Usiikimbilie. Haitakukimbia."

Nikamaliza darasa la saba, nikafaulu, nikaingia sekondari ya kutwa mjini. Wenzangu wa rika langu mnajua jinsi sare mpya inavyoweza kumpandisha mtoto kichwa. Darasani nilikaa na mvulana aitwaye Geradi, ambaye baba yake alikuwa na gari la kazi. Kila Jumatatu Geradi alitusimulia jinsi walivyotoka familia nzima wakaketi kwenye bustani ya hoteli, wakala chipsi na kuku, wakanywa soda kwa mrija. Siku moja akaniuliza sisi hutoka kwenda wapi. Nilimwambia tunakwenda shambani kwetu. Hatukuwa na shamba. Niliona heri shamba la uongo kuliko korongo la kweli.

Ijumaa moja jioni, mwezi wa nane, baba alinikuta nikipiga pasi shati langu la shule. Alikuwa amechangamka kuliko kawaida yake. Alivuta kigoda akaketi.

"Kesho, Yona, wewe ndiye utakayevua viatu."

"Mimi siendi, baba."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Wenzangu wakitoka na wazazi wao wanakwenda kula chipsi. Sisi tunakwenda kufukua mchanga kama watu wasio na bomba nyumbani."

Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akasema jina langu kwa sauti ya chini ambayo kwa kawaida ilitangulia kofi. Baba alimnyooshea kiganja kumtuliza. Alitazama pasi, akaniambia niangalie nisichome kola.

"Bomba tunalo," alisema baadaye. Kisha akainuka.

Kesho yake niliamka jua limeshatoka. Nilidhani wameniacha, na nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Niliwakuta wote nyumbani. Kikapu kilikuwa juu ya kabati, na baba alikuwa anatengeneza bawaba ya dirisha ambayo haikuwa imeharibika. Hakunikaripia. Mwezi uliofuata hawakwenda, wala uliofuata huo. Rehema alikuwa na miaka sita; aliuliza mara mbili tatu, kisha akasahau kama watoto wanavyosahau. Mpaka leo nikimtajia korongo anakumbuka shingo ya baba tu, hakumbuki maji. Hilo nalo liko juu yangu.

Sitawachosha kwa habari za miaka ya katikati. Nilisoma hadi chuo kikuu, nikaajiriwa Dar es Salaam, na ofisi zilipohamia Dodoma nikarudi nazo, nikiwa na mke na watoto. Mji niliuacha umelala, nikaukuta unakimbia. Nilinunua kiwanja Mkonze, nikaanza kujenga, kama kila mtu alivyokuwa anajenga. Fundi wangu alikuwa mtu makini. Alikataa tripu mbili za mchanga mfululizo akisema una udongo mwingi, utanipasulia lipu. Dereva wa tipa akalalamika kwamba mchanga safi umeshakwisha kwenye makorongo yote ya karibu.

Na mimi, msomi, mtoto wa Bwana Fito, nikajiona mjanja. Nilimwambia nalijua korongo moja ambalo barabarani halionekani, kwamba lina kona ambapo mchanga ni mweupe na ni wa kina kirefu kuliko mtu. Nilipanda naye mbele ya tipa. Nilimwonyesha mahali pa kukunja, mahali pa kuteremkia, na kona yenyewe, ile ile ambayo baba aliichagua mara nyingi kuliko nyingine. Dereva aliruka chini, akachota mchanga, akaupuliza kiganjani, akanipa mkono wa pongezi. Alinibebea tripu zangu zote, na nyumba ikasimama. Kwamba angerudi na wenzake, na wenzake na wenzao, sikulifikiria. Au nililifikiria kidogo, nikaliacha lipite, kwa kuwa fundi alikuwa anangoja.

Nyumba ilipofika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, nilimleta baba aione. Mama alikuwa ameshatutoka, na nilitaka baba ahamie kwetu. Alizunguka vyumba vyote, akasifu, akasimama mbele ya lundo la mchanga uani. Akachota, akaumimina taratibu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Mchanga mzuri huu. Umetoka wapi?"

"Sijui, baba. Dereva ndiye anayejua."

Akajipangusa mikono. Ni baada ya kuhamia kwetu ndipo alipoanza lile ombi lake. Hakuwa mtu wa kusumbua. Alilitaja mara moja kila kiangazi, kwa upole, kama anayekumbusha siku ya sikukuu. Tumaini, binti yangu mkubwa, alikuwa na miaka saba alipoanza, na Amani minne. Mwaka wa kwanza nilimjibu kwamba jua la siku hizi ni kali, watoto watachomeka. Mwaka wa pili nilikuwa na ripoti. Mwaka wa tatu nikasingizia springi za gari. Zote zilikuwa sababu nzuri, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli.

Badala yake niliwapeleka watoto bustani za kulipia. Mnazijua: mahema ya plastiki, muziki unaopiga kifuani, kasri la kupuliza upepo ambalo saa sita mchana linanuka kama tairi lililoungua. Siku moja tulikwenda na baba. Alipewa sahani ya chipsi, akazila kwa adabu, moja moja. Kisha akainama akashika zile nyasi za bandia walizotandika chini. Alivuta mkono haraka kwa jinsi zilivyokuwa za moto. Akaniuliza ni mbegu gani hii isiyohitaji maji. Mhudumu alicheka, mimi nilijifanya ninatafuta chumvi. Jioni ile mpwa wa mke wangu alipita akiwa na fulana ya sare, akatueleza kwamba yeye na vijana wenzake wameunda kikundi cha kutembea, kwamba wanakutana Jumamosi, wanalipa kiingilio, na wanapewa cheti kwa kila safari. Baba alimuuliza mara mbili kama kweli wanalipa ili watembee kwa miguu yao wenyewe. Alipothibitishiwa alicheka hadi akakohoa, akasema basi mama yenu anaidai serikali vyeti vya miaka kumi na mitatu.

Kiangazi hiki hakuniomba tena. Aliyeniomba alikuwa Tumaini. Babu yake alikuwa amemsimulia kuhusu zamu, naye akataka kujua lini itafika yake. Aliniuliza mezani, mbele ya wote, na baba akaendelea kula bila kuinua macho. Nilikosa uongo wa nne.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri kwa gari, baba mbele, watoto nyuma. Mke wangu alikuwa kazini. Njia niliyoionyesha kwa tipa moja ilikuwa imekuwa barabara, ina mashimo na alama za matairi mapana. Tulipofika ukingoni nilizima gari, nikabaki nimeushika usukani. Korongo lilikuwa limekwanguliwa. Pale penye kona palikuwa na mwamba wa kijivu na udongo mgumu uliopasuka, vifuko vya pombe kali vilivyochanika, na madimbwi mawili ya mafuta ya injini. Migunga ya ukingo ilikuwa imeanguka na mizizi juu. Amani, asiyejua tofauti, alishuka mbio akapiga magoti akaanza kuchimba. Hakufika hata kiwiko. Alinionyesha kucha zake.

Baba alitoka garini polepole, akaegemea boneti.

"Kona hii haionekani barabarani," alisema. "Aliyefika hapa alionyeshwa."

Nilitazama viatu vyangu. Miaka thelathini nimefanya kazi ya kuandika sentensi ndefu zenye kuficha jambo, na asubuhi ile hakuna iliyokuja.

"Ni mimi, baba. Niliwaonyesha mimi. Ule mchanga ulioushika ulitoka hapa."

"Najua ulikotoka. Nimeunywea maji miaka yote hiyo, nitausahau?" Akajinyoosha kutoka kwenye boneti. "Nilikuwa nangoja uniambie. Basi waambie na watoto wako, Baba Tumaini."

Tangu nizaliwe alikuwa ameniita Yona. Niliwaita watoto, nikachuchumaa, nikawaeleza: kwamba hapa palikuwa na mchanga na chini yake maji, kwamba babu alitaka kuwaonyesha, na kwamba mimi niliwaleta watu wakauchukua ili tujenge nyumba. Amani alifikiri.

"Kwa hiyo mto uko kwenye kuta zetu?"

"Uko," babu yake alimjibu. "Unalala nao kila siku."

Hakukuwa na ugomvi baada ya hapo, na pengine ugomvi ungekuwa nafuu. Baba alinisalimia asubuhi, alituombea mezani, aliuliza habari za kazini. Ila neno korongo alilitoa kinywani mwake. Mimi nikaanza kutafuta. Kwa wiki nyingi, kila nikipata nafasi, nilizunguka na gari mbali zaidi ya Zuzu, nikiwauliza wachungaji, hadi nikalipata korongo moja dogo ambalo mchanga wake bado ulikuwa mzima. Sikumwambia mtu. Shemeji yangu anajenga, na aliponiuliza nilikokuwa ninashinda nilibadilisha mazungumzo.

Nilimwomba baba twende. Akasema magoti yanamuuma, niwapeleke watoto. Tulikwenda watatu. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikatembea juu ya mchanga nikiwa nimeinamisha kichwa kama nilivyomwona yeye akifanya. Nilivuka, nikarudi, nikasimama. Nyayo zangu zimelainishwa na soksi za ofisini. Zilichosikia ni joto tu, kila mahali sawasawa. Nilisema, "Hapa," tukachimba hadi bega, pakavu. Nilihama mara ya pili, pakavu. Mara ya tatu Amani alikaa chini akasema amechoka, na jua lilikuwa limeshapanda.

"Tumpigie babu," alisema Tumaini.

Nikampigia. Nilimweleza tulipo, jinsi korongo linavyopinda, miti iliyopo, mashimo matatu. Nilimwomba aniambie mtu anatakiwa asikie nini miguuni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mpe Tumaini simu," alisema.

Binti yangu aliipokea kwa mikono miwili. Nilimsikia akisema shikamoo babu, kisha ndiyo babu, kisha akawa anasikiliza tu. Alivua viatu akaviweka pamoja kwa unadhifu. Akaanza kutembea, simu sikioni, akitazama mara miguu yake, mara miti ya ng'ambo. Nilipomfuata aligeuka akanionyesha kiganja.

"Babu kasema twende wawili tu, mimi na yeye. Wewe ungoje na Amani."

Nilirudi nikaketi ukingoni kando ya mwanangu. Alikwenda mbali, hadi tukawa hatusikii sauti yake, gauni lake la njano likipepea, akisimama, akihama hatua mbili, akisimama tena. Enzi zetu baba alitembea mwenyewe mbele yangu juu ya mchanga wa kutosha, akiwa na nguvu zote za miguu yake, na alichokuwa akikingoja ni mimi nivue viatu. Leo mwanangu amepata sauti tu, inayotoka kwenye kiti cha uani Mkonze, na imemtosha. Alipopiga magoti na kuanza kuchimba, Amani aliruka akamkimbilia. Mimi sikujua kama nimeruhusiwa. Nilibaki pale nilipoambiwa ningoje.